Nani avae kitambaa? Jibu kwa mwalimu anayetafuta nahodha wa timu ya shule

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari ya kata mkoani Tanga. Nina timu ya soka ya wavulana na timu ya netiboli ya wasichana. Mwaka jana niliwaachia wanafunzi wapige kura ya nahodha wa soka. Walimchagua kijana mcheshi anayependwa na kila mtu, lakini mechi ikiwa ngumu anapotea kabisa. Mwaka huu mkuu wa shule anataka kaka mkuu awe nahodha kwa sababu ana nidhamu na anafanya vizuri darasani, ingawa kwenye timu ni mchezaji wa akiba. Wachezaji wanamtaka mshambuliaji wetu bora, kijana wa kidato cha tatu mwenye kipaji kikubwa na hasira za karibu. Kidato cha nne nao wanasema hawawezi kuongozwa na mdogo wao. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya inakaribia. Nimchague nani, na nifanyeje nisiivunje timu?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, pole kwa mzigo, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuamua. Wengi wetu huamua kwanza, tena mstarini mbele ya shule nzima, ndipo tunaanza kutafuta namna ya kuokoa jahazi.

Nitangulize jibu, maelezo yafuate. Kati ya hao watatu, leo nisingempa yeyote kitambaa. Ningejipa wiki tatu za kuwatazama wachezaji wote, ningewauliza wenyewe kwa kura ya siri yenye maswali mazuri kuliko lile la "nani awe nahodha", kisha ningechagua viongozi wanne, mmoja wao akiwa ndiye mvaa kitambaa. Sitashangaa ukikuta kwamba wote watatu uliowataja wamo katika hao wanne, kila mmoja kwenye kazi anayoiweza, na anayevaa kitambaa ni mtu ambaye hukumtaja.

Nakuambia haya kwa sababu nimeshalipia. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mshambuliaji kama huyo wako, mguu wa kushoto unaona mbele. Nilimpa unahodha kwa sababu mbili ambazo sikumwambia mtu: niliogopa nisipompa atasusa, na niliamini cheo kitamtuliza. Nusu fainali ya wilaya, kipindi cha pili, mwamuzi akakataa bao letu kwa madai ya kuotea. Kijana akamfuata, akamwekea kidole usoni, akaoneshwa kadi nyekundu. Kilichoniuma zaidi kilifuata. Wale kumi waliobaki waligeuka wote kunitazama mimi pembeni ya uwanja, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na mwingine niliyewahi kumfundisha kuongea na wenzake. Tulifungwa mabao matatu ndani ya robo saa. Jumatatu nikamvua unahodha mstarini, shule nzima ikitazama, na mpaka anamaliza kidato cha nne hakurudi tena mazoezini. Kidole kwa refa lilikuwa kosa lake. Mengine yote yalikuwa yangu, na nimetembea nayo mpaka leo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mara nyingi tunagombania cheo ambacho hatujakisoma. Sheria za mpira wa miguu zinamtaja nahodha kwa maneno machache mno. Sheria ya 3 inasema hana hadhi wala upendeleo wa pekee, ila ana kiasi fulani cha wajibu kwa mwenendo wa timu yake. Basi. Anakwenda kwenye kurusha sarafu, na tangu 2019 anayeshinda anaweza kuchagua goli la kushambulia au kuanza na mpira. Lakini miaka ya karibuni limeongezeka jambo linalokugusa wewe moja kwa moja. IFAB, bodi inayotunga sheria hizo, imetoa mwongozo unaoruhusu mashindano kutaka nahodha peke yake ndiye amsogelee mwamuzi kuomba maelezo ya uamuzi mkubwa. Waliotazama Euro 2024 kule Ujerumani waliuona ukifanya kazi. Nahodha akiwa kipa, timu inateua mchezaji wa ndani amwakilishe kwa jambo hilo. Hata kama wilayani kwenu mwongozo huo haujaanza kutumika, watoto wanauona kwenye televisheni na waamuzi wanaufahamu. Sasa fikiria mtu pekee mwenye ruhusa ya kumwendea refa katika dakika chungu kuliko zote awe yule mwenye hasira za karibu kuliko wote.

Neno lenyewe limetoka baharini. Nahodha kwa asili ni Kiajemi, bwana wa chombo, na sisi watu wa pwani tulilijua kwenye majahazi kabla ya kulisikia kwenye matangazo ya mpira. Kwenye jahazi nahodha hashiki kila kamba. Yupo wa usukani, yupo wa kutazama mbele, wapo wa kutweka tanga. Yeye anajua nani yuko wapi na upepo unageukia wapi. Sijui ni lini tuliingiwa na fikra kwamba kwenye timu ya watoto wa miaka 16 mtu mmoja atapiga kelele uwanjani, atafariji waliokosea, atasuluhisha ugomvi wa kidato cha tatu na cha nne, na bado atakwenda ofisini kuomba mpira mpya.

Utafiti nao unasema hivyo hivyo. Mwaka 2014 Katrien Fransen wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na wenzake walichapisha matokeo kutoka kwa wachezaji na makocha zaidi ya 4,000 wa michezo tisa ya timu. Waligawa uongozi wa wachezaji katika kazi nne: kuelekeza mchezo uwanjani, kuwatia wenzake moyo, kushikilia umoja nje ya uwanja, na kuisemea timu kwa watu wa nje. Kisha wakauliza, kwa kila kazi, nani hasa anaiongoza timu yako. Karibu nusu ya waliojibu hawakumtaja nahodha wao katika kazi hata moja. Waliomtaja nahodha kuwa wa kwanza katika zote nne walikuwa kama 1 katika kila 100. Timu zile ni za Ubelgiji na maisha yao si yetu, lakini nilipousoma utafiti ule niliona timu zangu zote zikipita mbele yangu, moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana sikubali kwamba wanafunzi wako walikosea mwaka jana. Uliwauliza nani awe nahodha, wao wakakujibu nani wanapenda kukaa naye, na kwa swali hilo jibu lao lilikuwa sahihi. Kijana mcheshi ni dhahabu. Mkishafungwa, usiku mmelala kambini kwenye madarasa ya shule ya watu, magodoro chini, kila mmoja kajigeuzia ukutani, yeye ndiye atakayesema neno moja wote wakacheka na wakalala. Hiyo ni kazi halisi na si kila mtu anaiweza. Mpe hiyo, iwe na jina, wajue wenzake kwamba umemteua. Umwondolee tu mzigo wa dakika ya 80 ambao haukuwa wake.

Anayeelekeza mchezo kwa kawaida hutoka katikati ya uwanja, kiungo au beki wa kati, kwa sababu anaona pande zote na sauti yake inafika. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, alikuwa beki, na uongozi haukumwishia uwanjani, maana mwaka 2004 alichaguliwa kuwa rais wa TFF, shirikisho la soka nchini. Lakini usiifanye kuwa kanuni ya chuma. Stars iliporudi kwenye mashindano hayo nchini Misri mwaka 2019, baada ya miaka 39, nahodha alikuwa Mbwana Samatta, naye ni mshambuliaji. Nafasi ya mtu uwanjani inakurahisishia kazi tu. Ukiwa na watu wawili wanaolingana, chukua wa katikati.

Sasa twende kwenye wiki tatu. Nunua kauntabuku, ukurasa mmoja kwa kila mchezaji, uwe nayo mazoezini kila siku. Usiandike ufundi wa mpira, huo unaujua tayari. Andika nani anafika kabla ya filimbi na nani anaokota koni bila kuambiwa. Andika nani akipigiwa pasi mbovu anaufuata mpira, na nani anaishia kutupa mikono juu. Andika ukimtoa kwenye mechi ya mazoezi anakaa wapi na anatazama nini. Kila wiki wape wawili tofauti kazi ya kuongoza kupasha mwili, hata walio kimya, hata wa kidato cha pili, na utazame zaidi wanaoongozwa kuliko anayeongoza. Wakikimbia sawasawa ukiwa umegeuka kuongea na mwalimu mwingine, umeshapata habari.

Nikupe tukio moja nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa mapumziko, tuko nyuma kwa mabao mawili, jua la saa tisa, timu imekaa chini ya mwembe. Maji yalikuwa kwenye dumu la lita 20 na kikombe kimoja cha plastiki, chekundu. Kila mtu anakigombea. Kipa, ambaye bao la pili lilimpita katikati ya miguu, alikaa peke yake pembeni, kichwa chini, anang'oa nyasi moja moja. Beki wetu wa kulia, kijana mfupi wa kidato cha tatu ambaye sikumbuki kuwahi kumsikia akipaza sauti, kikombe kilipomfikia hakunywa. Alikijaza, akakipeleka kwa kipa, akachuchumaa mbele yake mpaka akamaliza, akamwambia maneno mawili matatu ambayo sikuyasikia. Kisha akarudi kwenye foleni, akasimama nyuma kabisa. Hakunitazama hata mara moja kuona kama nimemwona. Kijana yule nilikuwa naye mwaka mzima na nusu, na kwenye orodha yangu ya wanaofaa kuongoza jina lake halikuwemo.

Mwaka uliofuata alikuwa nahodha. Miezi ya kwanza sauti ilimpa shida, tukaifanyia mazoezi kama tunavyofanyia mazoezi kona: namweka kwenye goli moja, mimi niko goli la pili, ananipangia ukuta kwa kuita majina. Sauti inafundishika. Kumwona kipa aliyekaa peke yake, hilo sijawahi kufanikiwa kumfundisha mtu.

Wiki ya pili ikiisha, fanya kura, lakini kwa maswali haya au yanayofanana nayo. Tumefungwa mawili na zimebaki dakika kumi: ungependa nani aongee na timu? Nani akiwa uwanjani unajua ukae wapi? Nani anakufanya uongeze bidii hata siku umechoka? Ukiwa na shida ambayo huwezi kumwambia mwalimu, ungemwambia nani kati ya wenzako? Nani angetuombea jambo kwa mkuu wa shule tukapata? Kwa kila swali majina mawili, na mtu asijiandike. Wakae darasani kwa nafasi kama wanafanya mtihani, karatasi uzikusanye wewe na uzihesabu wewe, nyumbani, si viranja.

Na hapa kuna jambo litakalokusaidia kwenye ugomvi wako wa vidato. Waambie wasiandike jina lao, ila waandike kidato chao juu ya karatasi. Ukihesabu, weka marundo mawili. Jina lililopata kura kumi zote za kidato cha nne ni jina la kundi. Jina lililopata sita, tatu huku na tatu kule, huyo ndiye wa kumtazama kwa makini, kwa kuwa tayari ana daraja ambalo wewe ungehangaika mwaka mzima kulijenga. Kama shule yenu ina bweni na kutwa, fanya hivyo hivyo kwa bweni na kutwa. Mpasuko huo nimeuona ukiua timu nyingi kuliko ugomvi wa vidato.

Kabla hawajaandika chochote, waambie wazi kwamba kura ni ushauri na uamuzi ni wako. Ukiwaaminisha kwamba wanachagua, halafu ukatangaza jina jingine, bora usingewauliza. Na idadi ya kura usimwambie mtu, hata mwalimu mwenzako wa ofisini. Kuna mtoto atakayepata sifuri kwenye maswali yote, na haki yake ni kwamba asijue. Ila wewe ujue, maana huyo naye anakuhitaji.

Baada ya hapo weka kauntabuku na kura pamoja mezani. Yakikubaliana, kazi imekwisha. Yakipishana, jiulize kwa nini kabla ya kuamini upande wowote. Mara nyingine watoto wameona kitu ambacho hufanyika ukiwa umeshaondoka uwanjani, kizuri au kibaya.

Mkuu wa shule usimwendee kwa kubishana. Nenda na kauntabuku. Mkuu anataka kulinda jina la shule, na ni haki yake. Mwoneshe kwamba kaka mkuu utamtumia, tena mahali panapoonekana: kuipokea timu ngeni, kushukuru wenyeji, kupeleka maombi ofisini, kusimama na afisa michezo wa wilaya anapotembelea. Hizo ni kazi za kuisemea timu, na mtu anaweza kuzifanya vizuri hata akianzia benchi. Lakini mweleze kwa heshima kwamba kiranja na nahodha ni vitu viwili. Kiranja anabeba sauti ya uongozi wa shule kwenda kwa wanafunzi. Timu inahitaji mtu atakayebeba sauti yake kwenda nje, na aliyemo ndani ya mchezo wakati mambo yanaharibika. Mchezaji wa akiba, hata awe malaika, dakika ile hayupo. Ukimwambia hivyo ukiwa na maandishi ya wiki tatu, sidhani kama atakukatalia. Wakuu wa shule wengi wamezoea walimu wa michezo tunaokwenda na maneno matupu.

Kidato cha nne wana hoja zaidi ya wivu, naomba uwasikie. Huu ni mwaka wao wa mwisho. Novemba wanakaa mtihani wa taifa, na baada ya UMISSETA ya katikati ya mwaka wengi hawatavaa tena jezi ya shule. Kama kauntabuku na kura vimekuletea mtu wa kidato cha nne anayefaa, mpe kitambaa, na msaidizi awe wa kidato cha tatu. Sema tangu siku ya kwanza kwamba michezo ya wilaya ikiisha, msaidizi atapokea. Hivyo mkubwa anaongoza huku anafundisha, na mdogo hajanyimwa, ana tarehe yake. Kama hakuna wa kidato cha nne anayefaa, usimtafute kwa tochi ili tu kuwaridhisha. Mchague wa kidato cha tatu, kisha waite wakubwa wawili wenye ushawishi, uwaambie faragha kabla ya kutangaza, na uwaombe msaada wao kwa jina. Kijana wa miaka 18 aliyeombwa msaada ana tabia tofauti kabisa na yule aliyeshtukizwa mstarini.

Mwandae nahodha pia kwa jambo moja la UMISSETA ambalo huwa tunasahau kuwaambia. Timu ikishapanda kwenda mkoani na taifani wanachukuliwa wachezaji kutoka shule mbalimbali, na huko kitambaa kinaweza kwenda kwa mwingine. Nimeona kijana akilia kambini kwa sababu hakuna aliyemweleza mapema.

Kuhusu wasichana hukuuliza sana, lakini nisingetumia kipimo cha soka kama kilivyo. Netiboli ina mipaka ambayo soka haina. GS, yaani mfungaji, haruhusiwi kutoka theluthi yake ya ushambuliaji, kwa hiyo hata awe na sauti ya tarumbeta, mpira ukiwa upande wa pili hana cha kufanya. Senta anapita theluthi zote tatu ila haingii kwenye nusu duara za magoli. GD, mlinzi wa goli, anapata theluthi ya ulinzi, nusu duara yake na katikati. Hao wawili wanafaa kuongoza mchezo, ukiwa na mmoja wa kushambulia wa kushirikiana naye. Robo ni dakika 15 na mapumziko kati yake ni mafupi mno. Mwenye uwezo wa kusema jambo moja tu, likaeleweka, anafaa kuliko msemaji mzuri.

Kubwa zaidi liko nje ya uwanja. Timu ya wasichana inayosafiri inahitaji dada mmoja kati yao anayejua nani yuko kwenye siku zake, pedi ziko wapi, na nani hajala. Mchague kwa lile swali la nne la kura. Safari zote awepo mwalimu wa kike, na huyo dada ajue kwa uhakika ni mtu mzima yupi wa kumwendea ikiwa kocha, dereva, refa au mwalimu yeyote amemsumbua mmoja wao, na ajue mtu wa pili wa kumwendea ikiwa wa kwanza hakumsikiliza. Nahodha wa kike usimtume peke yake kufuata jezi wala kitu chochote nyumbani kwa mtu mzima, hata huyo mtu mzima awe mimi. Kwenye hili usimwonee mtu haya.

Ukishawateua, waandikie kazi zao kwenye karatasi moja, na mipaka yao kwenye karatasi hiyo hiyo. Nahodha haadhibu. Hashiki fimbo, hatozi faini, hakimbizi watu kwa niaba yako. Si mpelelezi wako pia: akija kukuambia nani alitoroka usiku, leo utafurahi, na kesho hatakuwa na timu ya kuongoza. Nauli na michango ya wenzake asishike peke yake, nimeona watoto waaminifu wakiharibikiwa kwa shilingi elfu kumi iliyopotea. Kisha mpe maamuzi ya kweli. Nani apige kona, mpashe mwili vipi, mle kabla au baada ya kuoga. Nahodha asiye na cha kuamua ni hanga la kutundikia kitambaa.

Mazoezini mfundishe kuongea na refa, maana hilo halifundishwi na mtu. Mimi hushika filimbi na kutoa uamuzi mbovu kwa makusudi. Nahodha anakuja anatembea, hakimbii, mikono nyuma, anasema, "Mwamuzi, naomba kuelewa, ni kuotea au ni madhambi?" Anasikiliza. Hata jibu likiwa la ovyo anasema asante, anageuka, na kazi yake ya pili ndiyo ngumu: kuwarudisha wenzake kwenye nafasi zao kabla mpira haujaanza. Tunalirudia mpaka wanachoka. Siku ya kwanza wanacheka. Wiki ya tatu hawacheki.

Na uteuzi uwe wa muhula mmoja kwanza. Ukisema hivyo mapema, kubadilisha hakuna aibu, muhula umeisha tu. Ikibidi kumwondoa katikati, iwe faragha, ukiwa umekaa naye kivulini, umemweleza umeona nini na tarehe gani, na umempa nafasi ya kujieleza. Wenzake utawaambia mazoezini kwa sentensi mbili. Mstarini, kamwe. Nimekueleza yaliyonipata.

Nimebaki na mshambuliaji wako, ambaye naona ndiye anayekusumbua usiku. Mwite kabla hujatangaza, awe wa kwanza kujua. Usimwambie "utapata mwakani", huna hakika. Mwambie ukweli wote: kwamba wenzake walimtaja, kama walimtaja, kwenye swali la nani anawaongezea bidii, na kwamba hujampa kitambaa kwa sababu hujaona bado akiwa amekasirika na akatulia. Mwambie utakuwa unaangalia hilo hasa, na ukiliona utaliandika na kumsomea. Atanuna, labda siku mbili. Mwache anune, ila usiache kumsalimia kwa jina lake.

Siku ya tatu mpe kazi. Alhamisi jioni achukue wale washambuliaji wawili wadogo wa kidato cha kwanza, mipira mitatu na goli moja, awafundishe kumalizia kwa mguu wasioupenda. Nusu saa inatosha. Wewe kaa mbali na kauntabuku, tazama anafanya nini pale mtoto anapopaisha mpira wa kumi.